Tuwafundishe Kuku Kulala na Kutaga Bandani

Katika vijiji vyetu vya Mwanza, kuanzia Magu hadi Sengerema na visiwani Ukerewe, si rahisi kukuta kaya isiyo na kuku. Lakini tukiulizana kuku hao wanataga wapi, majibu yanakuwa mengi. Mmoja anataga kwenye ua wa minyaa. Mwingine anataga chini ya kihenge. Mwingine amejificha katikati ya mawe, na yule mweupe anataga kwa jirani. Ikifika jioni, wengine wanalala jikoni, wengine juu ya mwembe, na wengine chini ya kitanda chumba kimoja na watoto.

Hasara yake tunaijua. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, na kwa mwaka ana mitago kama 3 hivi. Basi kuku huyo akificha mtago mmoja kichakani, na kenge akapanda kutoka ziwani akaukuta, theluthi ya mayai ya mwaka mzima imekwisha. Hayo yalikuwa madaftari ya watoto, chumvi na sabuni. Na mayai yakitagwa kwa jirani ndipo maneno yanapoanza, hadi akina mama wawili hawasalimiani kisimani.

Wako wanaosema kuku wa kienyeji hafundishiki. Si kweli. Kuku ana mambo mawili yanayotusaidia sana. Kwanza, gizani haoni vizuri, kwa hiyo jua likikaribia kuzama lazima atafute pa kulala. Pili, anapenda kurudi mahali alipolala jana. Anayelala juu ya mwembe amejifundisha mwenyewe kulala pale. Kazi yetu ni kumbadilishia mazoea hayo, na hatufanyi hivyo kwa kumkimbiza na fimbo.

Lakini kabla ya kumlaumu kuku, tulitazame banda lenyewe. Je, sisi tungekubali kulala mle? Banda lenye giza, lenye unyevu na harufu kali ya kinyesi, kuku hataki. Kwa kuku 12 hadi 15 wanaoshinda nje na kulala ndani, banda la mita 2 kwa mita 1 na nusu linatosha. Kuta zinaweza kuwa za miti na udongo, na paa la nyasi au la bati. Juu ya ukuta tuache dirisha la kupitisha hewa. Sisi wa kando ya ziwa hatukosi kipande cha wavu chakavu. Tuzibe dirisha kwa fito zilizokaribiana, kisha tuongeze wavu huo. Wavu peke yake hautoshi, maana kicheche anaukata.

Ndani tuweke vichanja vya kulalia. Mti mnene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima unafaa, na kila kuku apate nafasi ya sentimeta 20. Viota vya kutagia viwe chini kuliko vichanja, tena pembeni penye giza kidogo. Hapa wengi wetu hukosea. Kiota kikiwa juu kuliko kichanja, kuku hulala ndani ya kiota, kwa sababu kuku hutafuta mahali pa juu. Anakichafua usiku, na kesho yake anaona afadhali akatage kichakani. Boksi, kapu kuukuu au chungu kilichovunjika mdomo, chenye upana wa sentimeta 30, kinafaa kuwa kiota. Kila kuku 4 au 5 wapate kiota kimoja. Ndani tuweke nyasi kavu au maganda ya mpunga.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Siku ya kwanza tusihangaike mchana. Tungoje giza liingie. Kuku akiwa amelala mtini au jikoni, tumshike taratibu, tumpeleke bandani na kumweka juu ya kichanja. Asubuhi tusifungue. Tuwafungie kwa siku 5 hadi 7 mfululizo, tuwape chakula na maji ya kutosha humo humo. Watapiga kelele siku mbili za kwanza, na watoto watasema wanawahurumia. Tusirudi nyuma. Ukiwafungulia siku ya pili, umewafundisha kwamba kelele zinafungua mlango.

Wiki ikiisha, tuwafungulie jioni, kama saa 11 na nusu, wakiwa na njaa kidogo. Hawatakwenda mbali. Jua halijazama tuwaite kwa sauti ile ile kila siku, tuwamwagie chakula kidogo ndani ya banda. Mtama, pumba, au vumbi la dagaa linalobaki kwenye vichanja vya kuanikia vinafaa. Lakini dagaa kiwe kidogo, maana kikizidi mayai yananuka samaki. Atakayepanda mtini asiachwe hata siku moja. Ashushwe usiku ule ule. Akilala huko mara mbili, tumeanza upya.

Kutaga kuna jambo lake. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo kwa wiki mbili zinazofuata tufungue mlango saa 4 au saa 5, si alfajiri. Hata hivyo yai huchukua saa 24 na zaidi kidogo kutengenezwa, kwa hiyo anayetaga leo saa 3 kesho huchelewa, na keshokutwa huchelewa zaidi. Ndiyo maana mwingine anatoka bandani bado ana yai. Wenzetu wengi wanajua kumpapasa kuku asubuhi. Ukilisikia yai, mwache ndani siku ile mpaka atage.

Tena tusikusanye mayai yote. Kuku akirudi akakuta kiota kitupu, anaona pale pana mwizi, anahama. Tuache yai moja lililowekwa alama ya mkaa, ili tusilichanganye na mapya. Jiwe jeupe laini lenye umbo la yai linafanya kazi hiyo pia, na mawe hatukosi. Mayai mengine tuyaandike tarehe kwa penseli. Huu ndio wakati wa kuonyesha kwamba kisomo tulichopata si cha kusomea barua tu. Mayai ya kuwekewa kuku anayetamia yasizidi siku 7 hadi 10, na bila tarehe hakuna anayejua.

Ikiwa kuku waliokwisha kuzoea wanagoma ghafla kuingia bandani, tusiwapige. Tuingie usiku na taa. Mara nyingi tutakuta utitiri kwenye nyufa za vichanja, au nyoka. Nyasi za viotani tuzichome, tusafishe banda, tunyunyize majivu. Dawa ya wadudu wa pamba tusiitumie kabisa, hata jirani akituhakikishia kwamba inafaa. Ni sumu kwa kuku na kwa mla mayai.

Wapo wanaoogopa banda kwa sababu ya kideri. Wanasema kuku wakikusanywa wanakufa wote. Hofu hiyo ina ukweli, maana ugonjwa huo huenea upesi kuku wanapokaa pamoja. Lakini hata wanaolala mitini huuambukizana mchana. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Na kuku waliolala bandani ni rahisi kuwashika wote asubuhi bila kuwakimbiza kijiji kizima.

Jambo moja akina baba mtusamehe. Katika kaya nyingi kuku ni wa mama, lakini miti na misumari iko mikononi mwa baba. Kazi ya siku mbili ikingojewa miaka miwili, mayai hayangoji.

Na kama kuku ameshaanza kutamia kichakani? Tusimhamishe mchana. Usiku tutayarishe kiota bandani, tuhamishe mayai kwanza, kisha yeye. Tumfunike kwa kapu kubwa, na kila siku tumfungulie mara moja ale na anywe. Akikataa kulalia, mayai tumpe kuku mwingine anayetamia usiku huo huo, kabla hayajapoa.