Mwanajeshi mstaafu na vyuma vilivyozikwa: Funzo kwa ardhi ya Gusii

WAKENYA wengi wanaifahamu mashine ya kutambua metali kwa sura moja tu: kile kirungu cha mlinzi anayesimama langoni mwa duka kubwa au afisi ya serikali, akikipitisha kiunoni na mifukoni mwa kila anayeingia. Kikilia, mtu hutoa funguo zake, akaonyesha, akaruhusiwa kupita.

Katika nchi za ng'ambo, mashine ya jamii hiyo hiyo imekuwa chombo cha burudani, na miongoni mwa wanaoipenda mno ni wanajeshi wastaafu. Mtu aliyetumikia jeshi kwa miaka mingi huvaa buti zake asubuhi, akatwaa kitambuzi chenye mpini mrefu na sahani ya mviringo upande wa chini, akaingia shambani. Jioni hurejea na kifungo cha koti, sarafu iliyofifia, au risasi ya vita ambavyo hakuna aliye hai anayevikumbuka.

Yamkini msomaji atauliza: burudani hiyo ya wageni inamhusu nini mkazi wa Tabaka, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ambako ardhi huchimbwa kwa sababu ya jiwe wala si chuma? Inamhusu, na pengine kuliko anavyodhani. Ardhi ya Gusii ilishuhudia mapigano matatu makubwa katika muda usiozidi miaka kumi, kati ya 1905 na 1914. Sehemu ya ushahidi wa mapigano hayo ni ya chuma, shaba na risasi, na mahali pake ni ardhini.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, mvumbuzi Alexander Graham Bell alijaribu kuitafuta risasi hiyo mwilini kwa chombo cha umeme alichokiunda kwa haraka. Hakufanikiwa, na Garfield akafariki. Hata hivyo, wazo lilikuwa limezaliwa.

Jeshi ndilo lililolikomaza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni Uingereza, Józef Kosacki, alibuni kitambuzi cha mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja aliweza kukibeba. Vitambuzi hivyo vilitumiwa katika vita vya El Alamein nchini Misri mwaka 1942, kusafisha njia katika nyika iliyojaa mabomu ya Wajerumani. Vita vilipokwisha, vilivyobaki viliuzwa kwa bei nafuu kama mali ya ziada ya jeshi, na raia wakaanza kuvitumia kutafuta sarafu na mapambo. Si ajabu basi kwamba mwanajeshi mstaafu anakiona kitambuzi kama rafiki wa zamani.

Utendakazi wake si mgumu kueleweka. Ndani ya sahani mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo huzua nguvu za sumaku zinazopenya udongo. Nguvu hizo zikikutana na metali, hata ile isiyovutwa na sumaku kama vile shaba au dhahabu, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo metali hujibu kwa nguvu hafifu za sumaku yake yenyewe. Kitambuzi hunasa jibu hilo na kuligeuza kuwa mlio. Kitu cha ukubwa wa sarafu kwa kawaida hutambulika kikiwa kina cha sentimita 20 hadi 30, yaani kina cha jembe.

Udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma, kama ulivyo katika sehemu nyingi za nyanda zetu za juu, huisumbua mashine hiyo na kuifanya ilie ovyo. Aidha, mahali kama Tabaka, penye vipande vya tindo, misumari, panga zilizovunjika na vifuniko vya chupa, mtumiaji atachimba takataka mara nyingi kabla ya kupata kitu cha maana. Kazi hii inahitaji subira kuliko nguvu.

Subira hiyo ndiyo sehemu ya dawa. Mwanajeshi akistaafu hupoteza zaidi ya mshahara. Hupoteza ratiba, wenzake waliomwelewa bila maneno mengi, na hisia kwamba kazi yake ina shabaha. Wengine hurudi na majeraha ya moyo yasiyoonekana: usingizi unaokatika, hasira za ghafla, kujitenga na jamaa. Kitambuzi humtaka atembee polepole, asikilize, apekue eneo hatua kwa hatua kama alivyofunzwa, na akili yake itulie juu ya kipande kidogo cha ardhi kilicho mbele yake.

Uingereza ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka 2011 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilianzisha mpango uitwao Operation Nightingale, uliowashirikisha wanajeshi waliojeruhiwa Afghanistan katika uchimbaji wa mabaki ya kale. Mwaka 2015 maafisa wawili waliowahi kutumikia kikosi cha Coldstream Guards walianzisha Waterloo Uncovered, shirika linalowapeleka wanajeshi na wastaafu nchini Ubelgiji kuchunguza uwanja ambapo Napoleon alishindwa mwaka 1815. Walianzia katika shamba la Hougoumont, ambalo kikosi hicho hicho kililitetea miaka 200 awali. Wenye vitambuzi hutangulia, kila risasi hutiwa alama mahali ilipopatikana, na wanaakiolojia hufuata. Nchini Marekani, wastaafu walifanya kazi kama hiyo mwaka 2019 katika uwanja wa vita wa Saratoga.

Hapa ndipo burudani inapogeuka elimu. Risasi moja mkononi ni kumbukumbu tu. Risasi mia moja zilizochorwa kwenye ramani ni ushahidi. Huonyesha askari walisimama wapi, walielekeza bunduki wapi, walikimbilia wapi.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Little Bighorn, Marekani, ambako mwaka 1876 wapiganaji wa makabila ya Lakota na Cheyenne walikiangamiza kikosi cha Jenerali George Custer. Kwa zaidi ya karne moja, masimulizi ya wenyeji kuhusu siku hiyo yalidharauliwa kama hadithi za wazee. Moto wa nyika ulipoteketeza majani mwaka 1983, wanaakiolojia waliwaalika watu wa kujitolea wenye vitambuzi, na kuanzia 1984 wakapekua uwanja huo kwa mpango. Maganda ya risasi yalilinganishwa kama polisi wanavyofanya katika uchunguzi wa mauaji, hata ikawezekana kufuata bunduki moja ilivyohama kutoka mahali hadi mahali. Matokeo yaliunga mkono mengi ambayo wenyeji walikuwa wakiyasimulia miaka yote hiyo.

Turudi sasa Gusii. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma kikosi cha King's African Rifles kuwaadhibu Abagusii. Wapiganaji wenye mikuki walikabiliana na bunduki na bombomu, wakauawa kwa wingi. Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote, kwa uchochezi wa mwanamke mwonaji aitwaye Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni jijini London, akaandika kulalamikia wingi wa watu waliokuwa wakiuawa. Kuhusu Otenyo, mapokeo ya Abagusii yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza.

Kisha ikaja Septemba 1914. Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika, inayoitwa Tanzania Bara hivi leo, na kuuteka mji wa Kisii uliokuwa umeachwa na maafisa wa Uingereza. Tarehe 12 mwezi huo King's African Rifles waliwashambulia, na kamanda wao, Kapteni Thorneycroft, akauawa. Baada ya mapigano, pande zote mbili zilirudi nyuma. Wenyeji waliingia katika afisi na maduka yaliyoachwa wazi na kujitwalia mali, na Waingereza waliporejea waliwaadhibu vikali na kutwaa mifugo yao.

Masimulizi ya mambo hayo yako ya aina mbili: ripoti za maafisa, na kumbukumbu za wazee. Aina ya tatu, ile ya ardhini, ingeweza kuziamua. Mathalani, wakati vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wakitumia bunduki za zamani za mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na moshi mwingi. Waingereza walikuwa na bunduki zenye risasi nyembamba za takriban milimita 7.7. Mtu anayefahamu silaha akiyaona maganda ya aina hizo mbili hahitaji kuambiwa nani alisimama upande gani wa kilima. Na ni nani anayefahamu silaha kuliko mwanajeshi mstaafu?

Lakini kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza mtu yeyote kutafuta vitu vya kale vilivyozikwa bila leseni, na inataka vinavyogunduliwa viripotiwe. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, sheria hiyo inakieleza kitu cha kale kinachohamishika kuwa kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Msomaji ahesabu mwenyewe: 1905, 1908 na 1914 zote ziko upande wa pili wa mstari huo. Waziri anao uwezo wa kutangaza mahali au kitu cha baadaye kuwa turathi inayolindwa, lakini hadi atangaze, ganda la risasi lililopigwa enzi za Otenyo halina ulinzi wa moja kwa moja ulio nao mtungi wa mwaka 1890.

Kikwazo cha pili ni mizani. Chuma kinachotoka ardhini katika vijiji vyetu huuliziwa swali moja tu: kina kilo ngapi? Biashara ya vyuma chakavu, ambayo serikali iliipiga marufuku kwa miezi michache mwaka 2022, haiulizi kitu kilitoka wapi wala kilikuwa cha nani. Shaba ya ganda la risasi huyeyuka sawa na shaba ya bomba la maji. Ikishayeyuka, ushahidi umekwisha, na hakuna leseni itakayourudisha.

Aidha, kuna hatari ambayo wastaafu wanaifahamu kuliko raia. Si kila kinacholia ni sarafu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wakenya 233, wengi wao wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu, kutokana na mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Chuma kisichojulikana chenye umbo la bomu hakiguswi, hakigongwi wala hakipelekwi kwa mnunuzi wa vyuma. Huachwa kilipo, watu wakaondolewa na polisi wakaitwa.

Kwa bahati nzuri, Kenya haina upungufu wa mikono yenye ujuzi. Wanajeshi wetu walitegua mabomu ya ardhini katika mpaka wa Ethiopia na Eritrea wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2005 kituo cha kimataifa cha kufunza kazi hiyo kilifunguliwa Embakasi, Nairobi. Waliopitia mafunzo hayo wanaendelea kustaafu na kurudi mashambani mwao. Mwaka 2022 tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, ishara kwamba taifa limeanza kufikiria maisha yao baada ya magwanda. Burudani hii haijazoeleka kwetu, lakini ikiunganishwa na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa na wazee wanaojua vilima vya mapigano, inaweza kumpa mstaafu kazi yenye heshima na kuipa jamii historia yake.

Masharti yake hayana budi kuwa wazi. Leseni kwanza. Idhini ya mwenye shamba pili, kwani katika Gusii mashamba ni madogo na kila kipande kina mwenyewe. Makaburi yasikaribiwe, nayo huwa karibu na nyumba. Kila kitu kiandikwe: kilipatikana wapi, kina gani, siku gani, na nani. Kisha kikabidhiwe, kisiuzwe.

Yule mchimbaji wa Tabaka asiye na kitambuzi wala leseni naye anaweza kuanza leo. Akiinua sururu na kukuta kitu cha chuma kilichofunikwa na kutu, ambacho hakifanani na bomu, akitazame kabla ya kukitupa kwenye gunia. Atie alama mahali alipokikuta, na kuiarifu afisi ya Makavazi au chifu wake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Gusii iliyoko ardhini haijawahi kuwa na daftari, na kila gunia linalopanda mizani hupunguza kitakachoandikwa humo.