Miji ya kale ya Alabama na Mama Maria Fearing

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kuna mji mdogo wa Gainesville, kando ya mto Tombigbee. Zamani pamba ilipakiwa hapo katika meli. Wageni husifu nyumba zake za kale, lakini pamba ile ililimwa na watumwa. Karibu na mji huo Maria Fearing alizaliwa mtumwa, mwaka 1838.

Baada ya uhuru alikwenda Talladega, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima. Huko jengo la Swayne Hall lingali linasimama. Watumwa walilijenga, na tangu 1867 likawa shule ya watoto wao.

Mwaka 1894 misioni ilimkatalia kwa sababu ya umri. Akauza nyumba yake, akajilipia safari mpaka Luebo, Kasai. Alilea wasichana huko, wengine wakiwa wamekombolewa utumwani, hadi 1915.

Basi tukitembelea mahali pa kale, tusitazame kuta tu. Tuulize ni nani waliozijenga. Na kwetu je? Wazee waliobeba matofali ya kanisa lenu la kwanza, andikeni majina yao wangali hai.