Daftari la Mchuuzi na Simu Yake

Watu wengi wa milima yetu hii ya Usambara hudhani ya kuwa khasara ya biashara ya mboga hutokana na mvua, au na barabara, au na ujanja wa madalali. Hayo yote yapo, wala hatuyakanushi. Walakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba iko khasara nyingine isiyotajwa sana, nayo ni khasara ya kusahau: kusahau namba ya mnunuzi, kusahau ahadi aliyopewa, kusahau ni nani aliyechukua nini na kwa bei gani. Mvua haizuiliki, lakini hii yazuilika kwa kalamu.

Na tutazame safari ya gunia moja la karoti litokalo Lukozi au Mlalo. Lang'olewa asubuhi, laoshwa, na jioni lapakiwa katika Fuso. Usiku lateremka kwa njia ya Soni mpaka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za makona kutoka Lushoto mjini, kisha lashika barabara kuu ya Dar es Salaam ili liwahi soko la alfajiri. Mwenye mali mara nyingi hasafiri nalo. Yeye yuko nyumbani kwake, na kilichoko baina yake na fedha yake ni jina la mtu na namba ya simu tu. Ikiwa mtu huyo ameandikwa katika simu kwa jina la "Juma Mpya", na humo humo wamo "Juma Fuso", "Juma 2" na "Juma wa Juzi", basi mwenye mali amejitia gizani mwenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na wafanya biashara wake wakatawanyika katika masoko mengine. Wako wachuuzi wa huku kwetu ambao anwani ya wanunuzi wao ilikuwa ni mahali tu: shuka chini, pita nguzo ya tatu, muulize fulani. Nguzo ilipoondoka, mnunuzi naye akaondoka. Aliyekuwa na jina kamili na namba mbili za mtu, ya kwake na ya mwenziwe, alimfuata huko alikohamia na biashara ikaendelea.

Wala kuandika si jambo la kigeni katika milima hii. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mwenye kuitunga Habari za Wakilindi, aliishi zama za Semboja wa Mazinde, na lau asingalishika kalamu, mengi tunayoyajua leo juu ya watawala wa Usambara yangalikwisha pamoja na wazee waliyoyasimulia. Ikiwa kalamu iliweza kuhifadhi khabari za wafalme, je, itashindwa na gunia la viazi?

Sasa tuje katika mali kauli. Kila mchuuzi ayajua maneno haya mawili: chukua mzigo leo, ukisha uza utanilipa. Biashara nyingi za mboga hazingewezekana pasipo mali kauli, kwani mnunuzi mdogo hana mtaji. Lakini hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjika. Mmoja asema magunia yalikuwa manane, mwenziwe asema saba; mmoja asema yalikuwa lumbesa, mwenziwe asema ya kawaida. Hapana mwongo baina yao. Kila mmoja ameshika alichokikumbuka. Sisi walimu wa vyuo twalijua jambo hili kwa sababu ya ada ya Alkhamisi: mzazi aliyeandikwa hulipa kwa amani, na asiyeandikwa hulipa kwa ugomvi.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Na ndani yake biashara ya mkono kwa mkono imeachiwa nafasi, kwamba hapana ubaya isipoandikwa. Tafauti hiyo ni msaada mkubwa kwa mchuuzi. Anayeuza fungu la mchicha kwa fedha taslimu hana haja ya kumwandika kila mpita njia. Lakini mali yoyote iliyoondoka kwa ahadi haina budi kuandikwa hapo hapo, mbele ya wote wawili, kabla lori halijawashwa. Si jioni, wala si kesho, kwa sababu jioni ina machovu yake na kesho ina mizigo yake.

Nini kiandikwe? Jina, mahali alipo, anachonunua, namba ya simu, kiasi na bei, na mwisho tarehe ya kumpigia tena. Wengi huyaandika hayo ya mwanzo na kuiacha hiyo tarehe, na sisi twaona hiyo ndiyo roho ya daftari. Daftari lisilo na tarehe ya kesho ni kaburi la majina. Anayeiandika, akiisha sala ya alfajiri, hulifungua kwa muda usiozidi robo saa, akaona leo yampasa kuwapigia watu wanne. Akawapigia wanne, akafunga, akaenda shambani. Baada ya sala ya isha hulifungua tena akaandika yaliyojibiwa. Sala zimekwisha kuigawa siku yetu, basi hakuna haja ya kutafuta kengele nyingine.

Na katika simu hizo nne, moja iwe si ya kuomba fedha wala kuuza. Iwe ya kuuliza: mzigo ulifika salama? Karoti zilivunjika? Mnunuzi aulizwaye hivyo husema yaliyo moyoni, na mara nyingi ndipo mchuuzi anapotambua kwamba mteja amenyamaza si kwa kukosa haja, bali kwa sababu gunia la mwisho lilikuwa na mabovu chini.

Ama programu za simu na kompyuta, hizo zilizaliwa katika haja hii hii. Katika miaka ya 1950 Arnold Neustadter wa New York alitengeneza gurudumu la vikaratasi vya majina liitwalo Rolodex, likakaa juu ya meza za wafanya biashara. Mwaka 1987 Pat Sullivan na Mike Muhney wa Marekani walitoa programu ya kompyuta iitwayo ACT!, ambayo kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na katika ukurasa huo mazungumzo yaliyopita na miadi ijayo. Programu nyingi zilizofuata zimeongeza mapambo juu ya ukurasa huo. Hapa kwetu iliyo karibu zaidi na mkono wa mchuuzi ni WhatsApp Business, iliyotolewa Januari 2018, nayo haina malipo kwa mwenye duka dogo. Humo mtu huweza kumbandika kila mteja alama ya rangi: huyu ni mpya, huyu ameagiza, huyu hajalipa. Lakini hatujapata kusikia programu iliyomwamsha mvivu. Mwenye daftari la karatasi analolifungua kila siku amemshinda mwenye programu kumi asizozifungua. Na anayetumia simu ahakikishe majina yake yamehifadhiwa pia katika akaunti yake ya intaneti, kwani simu huanguka mtoni, na huibiwa stendi.

Liko jambo moja ambalo programu hizi hazitujulii hali yetu. Zinakumbusha kwa miezi ya Kizungu, na haja kubwa ya wateja wetu wengi hufuata mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza kati kati ya mwezi wa Machi, na mwaka 2025 mwanzo wa Machi. Mchuuzi aliyeiachia simu imkumbushe tarehe ya mwaka uliopita atawakuta wateja wamekwisha nunua viazi vya futari kwa mwengine. Basi na aandike pembeni mwezi wa Kiislamu pia. Na kwa kuwa viazi hukaa shambani miezi mitatu au zaidi, hesabu hiyo yamhusu mkulima tangu siku ya kupanda.

Tumebakisha lililo zito. Twajua nyumba ambayo baba yao, mchuuzi mwaminifu, alifariki ghafla akiwa na mali kauli kwa watu wa masoko matatu. Hakuandika kitu, yote yalikuwa kichwani, na simu ilikuwa na namba ya siri aliyoijua yeye peke yake. Waliomdai walikuja wote, tena kabla ya arobaini. Waliodaiwa naye walikuja wawili. Na katika Suratun Nisaa mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni, basi mjane akauza shamba la chini ili kulipa madeni ambayo hakuweza kuyahakikisha wala kuyakanusha, na watoto wakarithi kilichobaki.

Kwa ajili hiyo twawashauri wenye nyumba watenge kurasa mbili za mwisho katika daftari, mmoja wa "tunaodaiwa na wao" na wa pili wa "tunaowadai", na mke au mtoto mkubwa ajue daftari linakaa wapi. Namba ya siri ya fedha ibaki siri. Madeni yasiwe siri ndani ya nyumba. Nje ya nyumba ni mambo mengine: namba za wateja ni amana, wala haifai kumpa mchuuzi mwengine kwa soda moja, na nchi yetu nayo imeweka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kurasa hizo mbili zaweza kuanzwa usiku huu huu baada ya isha, baba akitaja na binti akiandika, kwani watoto wetu wa shule wana hati nzuri kuliko sisi.