Fahamu: Pombe baada ya kubakwa, na kwa nini tiba isingoje

Laare, mji wa miraa huko Igembe Kaskazini, Meru, Kenya, pombe ya jioni ina kazi inayojulikana: kushusha handas, yaani msisimko wa miraa, ili usingizi upatikane. Kwa hiyo mwanamke aliyebakwa akianza kunywa ili alale, jirani haoni ajabu. Muuguzi ndiye wa kuuliza.

Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini. Hayo wengi wameyasikia; ya akili, wachache.

Jinamizi, kushtuka mlango ukigongwa, kukwepa njia fulani: wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Pombe humlaza mtu, kisha humwamsha usiku wa manane, na jinamizi likarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unaruhusu kumfuatilia manusura mwezi 1 hadi 3 kabla ya tiba maalumu, ila si mwenye tatizo la pombe. Huyo asingojeshwe. Tiba yenyewe ni mazungumzo ya hatua kwa hatua na mshauri aliyefunzwa, na unywaji hushughulikiwa humo humo. Kumwambia “acha pombe kwanza, kisha urudi” ni kumfukuza tu.

Na polisi je? Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza kesi zao ipasavyo. Simu ya msaada kwa manusura ni 1195, haina malipo.