Uovu, Balaa na Shari: Msamiati wa Tatizo la Kale

Ikiwa Mungu ni mwema na ni mweza wa yote, mateso ya dunia yametoka wapi? Swali hili ni kongwe. Mwaka 1955 J. L. Mackie alidai kuwa kuyaamini yote matatu, yaani wema wa Mungu, uweza wake na kuwapo kwa mateso, ni kujipinga kimantiki. Makala hii haikusudii kulimaliza swali hilo. Inakusudia kuonyesha kwamba neno tunalolichagua kulitafsiri huamua nusu ya jibu.

Neno evil, katika falsafa ya Kiingereza, hukusanya mambo ambayo Leibniz aliyatenga katika kitabu chake cha mwaka 1710: dhambi, mateso, na upungufu wa asili wa kila kiumbe. Aghalabu sisi hulitafsiri kwa neno uovu. Lakini uovu katika Kiswahili una mtendaji. Muuaji ni mwovu na dhalimu ni mwovu; mafuriko hayaitwi maovu. Tetemeko lililouangamiza mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, lilikuwa balaa. Halikuwa uovu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Alvin Plantinga, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alimjibu Mackie kwa hoja ya hiari: huenda hata Mungu asiweze kuumba watu walio huru kwa hakika, kisha akahakikisha kwamba hawatakosa kamwe. Hoja hii yaukabili uovu barabara. Ama kuhusu balaa, Plantinga aliongeza kuwa yawezekana limetokana na viumbe wengine wenye hiari, mathalani shetani na jeshi lake. Msomaji wa Kiswahili huona mara moja lililotendeka: balaa limetafutiwa mtendaji ili ligeuke kuwa uovu. Kimantiki uwezekano huo watosha. Hata hivyo, mwaka 1979 William Rowe aliuliza swali jingine kwa mfano wa mtoto wa paa aungue katika moto wa msituni na kuteseka siku kadhaa kabla ya kufa. Rowe hakudai kuwa imani inajipinga. Alidai kwamba mateso ya namna hiyo yanaipunguzia sababu.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili hakina neno la jumla. Waislamu wa Kisunni huamini kadari, kheri yake na shari yake, kuwa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu wa shari ni mgomvi. Katika itikadi, shari yaenea hata kwenye maradhi na msiba. Neno hili, basi, halitoi mwanya wa kuikwepa sehemu ngumu ya swali.

Kwa hiyo ingefaa tuseme "tatizo la shari", uovu na balaa yakiwa matawi yake mawili. Mzazi aliyefiwa na mtoto kwa malaria haulizi habari za hiari ya binadamu. Tukimjibu kwa hoja hiyo, tutakuwa tumejibu swali ambalo hakuliuliza, na kosa litakuwa limeanzia katika tafsiri.