Mvua ya Same huishia wapi?

Milimita 20 za mvua kwenye eka moja ni takribani lita 80,000 za maji, yaani ndoo 4,000 za lita 20. Mkulima wa Bangalala au Makanya, wilayani Same, hupata neema hiyo kwa saa chache. La kujiuliza ni ndoo ngapi zitabaki shambani mwake.

Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua upande wa mashariki wa milima ya Pare, huko Gonja na Mamba. Mawingu yakivuka kuja magharibi huwa yamepungukiwa. Tambarare za magharibi hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, vuli na masika kwa pamoja, na mahindi yangeweza kuzimaliza zote kwa msimu mmoja.

Kichaka hupokea mvua kwa utaratibu: majani huvunja nguvu ya matone, mizizi na mchwa hutoboa njia za maji. Kikifyekwa, miti ikachomwa mkaa na mahindi yakalimwa mwaka hadi mwaka, matone hupiga udongo mtupu na kuziba vitundu vyake, kisha jua hukausha ukoko. Chini yake, pale jembe linapofika kila msimu, pamejengeka tabaka gumu. Shamba linang'aa kwa maji, lakini fukua kidogo tu, unakuta vumbi. Jua likiwaka wiki mbili wakati mahindi yanatoa mbelewele, tunailaumu mvua. Mvua za siku hizi kweli hazitabiriki, ila lawama yote si ya mbingu.

Maji yanayotiririka hubeba udongo hadi bondeni, na wakulima wa Makanya huyaelekeza mafuriko hayo mashambani kwao. Hasara ya wa juu imekuwa rutuba ya wa chini. Ndiyo maana kuhimiza wa mlimani wazuie kila tone kunaweza kuzua ugomvi.

Kwa kuhifadhi maji, Wapare, wenyeji wa milima hii, wana ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Lakini ndiva hutegemea kijito, na kijito hutegemea misitu ya mlimani kama Chome, chini ya kilele cha Shengena, ambako miti ya mikulo imekatwa mno kwa mbao.

Watafiti waliofanya kazi bonde la Makanya, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamejaribu matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na kuchana tabaka gumu kwa ripa ya kukokotwa na ng'ombe. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni mabua. Kitaalamu yaachwe yafunike udongo, lakini kiangazi ndiyo malisho, na ng'ombe wa jirani haulizi mpaka. Sheria ndogo za kijiji zingeanzia hapo. Wakati zinasubiriwa, fiwi zilizopandwa katikati ya mahindi hutambaa na kufunika ardhi hata mahindi yakishakauka, na punje zake huliwa nyumbani au kupelekwa sokoni, mradi mbuzi wasitangulie.