Shinikizo la Damu na Ushahidi Uliopatikana Kwetu

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika fikra za watu, wasomi na wasio wasomi, ni ile ya kwamba shinikizo la damu kupanda ni sehemu ya umri, jambo limfikalo mtu kama mvi zimfikavyo. Hata mzee wa miaka sabini akiambiwa na tabibu kwamba damu yake inaisukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, jamaa zake husema huo ni uzee tu, na habari ikaishia hapo. Dhana hii imewaua wengi, na la kustaajabisha ni kwamba ushahidi wa kuibatilisha haukupatikana mbali, bali ulikusanywa katika Afrika ya Mashariki yenyewe, kutoka mikononi mwa wakulima, wafugaji, askari na vibarua wa Kenya.

Mwaka 1929 tabibu wa Kiingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kisii, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima shinikizo la damu wenyeji wapatao 1,000. Vijana wa Kisii hawakutofautiana sana na vijana wa Ulaya. Lakini ilhali shinikizo la Mzungu huzidi kupanda kadiri miaka yake izidivyo, la wenyeji wale lilisita walipofika makamo, kisha likashuka, hata wazee wakawa na namba ndogo kuliko wana wao. Fauka ya hayo, katika muda wa miaka miwili, miongoni mwa wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa, Donnison hakumwona hata mmoja ambaye maradhi yake yalikuwa ni shinikizo kubwa la damu.

Msomaji mwenye kuhoji atauliza, na wataalamu nao waliuliza: je, haiyumkini kuwa ni nasaba? Au huenda malaria, safura na lishe duni ndizo zilizoshusha namba zile, na wenye shinikizo kubwa walikufa mapema wasiufikie uzee wa kupimwa? Maswali haya ni ya haki, na Donnison peke yake hakuweza kuyajibu. Njia ya kupambanua ilikuwa kuwatazama watu wa asili moja, waliolelewa kwa chakula kimoja, kisha wengine wakahama na wengine wakabaki.

Katika miaka ya 1960, A. G. Shaper, aliyekuwa katika chuo cha udaktari cha Makerere, aliwachunguza pamoja na wenzake Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, watu ambao chakula chao kikuu wakati huo kilikuwa maziwa, akakuta shinikizo lao ni dogo hata uzeeni. Kisha wakawachunguza vijana wa wafugaji hao walioandikwa jeshini. Posho ya jeshi ilikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi walichokizoea nyumbani, na shinikizo la askari wale likapanda, ijapokuwa damu ya wazazi wao ilikuwa ile ile.

Lakini utafiti nionao kuwa umeitendea haki zaidi kadhia hii ni ule wa Neil Poulter na wenzake miongoni mwa Wajaluo, uliochapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal. Watafiti hawa hawakuridhika kuwalinganisha wazee wa mjini na wazee wa shamba, bali waliwafuata watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakaenda kutafuta maisha Nairobi, wakawapima mara kwa mara shinikizo, uzito, mapigo ya moyo na mkojo, na wakati huo huo wakawapima wenzao waliobaki nyumbani. Haukupita muda mrefu shinikizo la waliohama likawa limekwisha kulipita la waliobaki. Mkojo ukaeleza sehemu ya sababu: sodiamu, iliyomo ndani ya chumvi, ilikuwa imezidi, na potasiamu, ipatikanayo kwa wingi katika mboga na matunda, ilikuwa imepungua. Kabla ya hapo, mwaka 1988, utafiti uitwao INTERSALT, uliowapima watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32, ulikuwa umekuta jamii nne zilizokula chumvi kidogo mno, ambazo shinikizo lao ni dogo na umri haukulipandisha ila kwa uchache. Moja ya jamii hizo nne ilikuwa ya Kenya.

Chumvi ikizidi, figo huelemewa na kazi ya kuitoa, mwili ukashika maji ili kuizimua, damu ikaongezeka ujazo, na moyo ukalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi katika mishipa ambayo nayo huzidi kukakamaa. Hata hivyo chumvi haina hatia peke yake, maana waliohamia Nairobi waliongezeka uzito pia, na mioyo yao ilipiga upesi zaidi. Na pombe, kukaa bila kazi ya viungo, urithi wa aila na maradhi ya figo vyote vina fungu lao. Kwamba shinikizo hilo huzaa maradhi ya moyo, hilo lilithibitishwa zaidi katika mji wa Framingham nchini Marekani, ambako wanaume na wanawake 5,209 walianza kufuatiliwa tangu mwaka 1948. Kwetu maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, pamoja na mwenzake, waliona habari ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika inastahili makala nzima katika jarida la East African Medical Journal. Leo makala kama hiyo haingepata nafasi.

Sasa tuje kwenye utambuzi wa maradhi haya, ambao ni mgumu kwa sababu moja: aghalabu hayana dalili. Mtu hulima, husafiri, huoa na kuoza, na asihisi lolote mpaka siku ya kiharusi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo kubwa hawajui kama wanalo. Hapana hila ya kulijua ila kulipima, na kipimo chenyewe kina historia ndefu: kasisi wa Kiingereza Stephen Hales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1733, alieleza jinsi alivyoingiza mrija katika mshipa wa farasi akatazama damu ikipanda, mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia akabuni mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff wa Urusi akaonyesha kwamba upepo ukiachiliwa taratibu kutoka katika mkanda huo, mdundo wa kwanza usikikao katika stetoskopu ndio namba ya juu, na pale midundo inapotoweka ndipo penye namba ya chini. Anayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi, katika vipimo vya siku mbalimbali, huhesabiwa kuwa na shinikizo kubwa.

Nasema siku mbalimbali kwa makusudi, kwani wako wanaopanda kwa hofu ya daktari tu, na wako wanaopimwa vibaya. Inapasa mtu akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemezwa, miguu chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, bila mazungumzo na bila kahawa wala sigara muda mfupi kabla. Na mkanda uwe wa kadiri ya mkono wake, kwa kuwa mkanda mwembamba juu ya mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ya kweli. Baadaye ndipo hufuata kipimo cha umeme wa moyo, mawimbi ya sauti ya kuonyesha kama kuta za upande wa kushoto wa moyo zimenenepa, na vipimo vya mkojo, damu na macho.

Basi nawasihi wanaosimamia zahanati zetu wasiache mgonjwa yeyote mtu mzima, hata aliyekuja kwa homa au jeraha, aondoke bila kupimwa shinikizo; na wewe msomaji uliyeanza dawa, usiiache kwa kujiona mzima, kwa maana ukiiacha bila shauri la tabibu, shinikizo hurudi, nalo hurudi bila kukuarifu.